Zubeir bin Al-Awwam (R.A.) na deni la dirhamu 2,200,000

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, Mgawaji wa riziki kwa waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, deni ni jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa uchungu wake. Lipo deni la duka la mtaani, lipo deni la ada za watoto, lipo deni la harusi ambayo watu wamekwisha kuisahau ilhali malipo yake yangali yakiendelea, na siku hizi lipo deni linaloombwa kwa simu ya mkononi usiku wa manane na kupatikana kabla mtu hajafumba macho. Leo tutamtazama mtu mmoja miongoni mwa masahaba wakubwa, aliyefariki akiwa na deni zito mno, na tutaona jinsi nyumba yake ilivyotoka katika deni hilo. Habari yake imo katika Sahihi ya Imam Bukhari, tena kwa hesabu zake, nayo yafaa isomwe na baba, mama na watoto wakiwa pamoja.

Nasaba yake na ujana wake

Huyu ni Zubeir bin Al-Awwam bin Khuwaylid, wa ukoo wa Asad katika Maquraishi. Mama yake ni Safiyya bint Abdulmuttalib, shangazi wa Mtume (S.A.W.). Baba yake alikuwa ndugu wa Bibi Khadija (R.A.). Kwa hiyo alikuwa binamu wa Mtume kwa upande wa mama, na Bibi Khadija alikuwa shangazi yake kwa upande wa baba. Alisilimu akiwa kijana mdogo, katika siku za mwanzo kabisa za Uislamu, na alikuwa miongoni mwa waliohamia Uhabeshi walipozidiwa na mateso ya Makka. Baadaye alihamia Madina.

Alipigana Badr, Uhud na vita vilivyofuata. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipotaka mtu wa kumletea habari za Banu Quraydha, Zubeir alisimama. Wito ukarudiwa, akasimama tena; ukarudiwa mara ya tatu, akasimama yeye yule. Hapo ndipo Mtume alipompa jina la hawari wake, yaani msaidizi wake wa karibu na wa kuaminiwa. Ni mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo wakiwa hai. Katika ukhalifa wa Omar (R.A.) alipelekwa Misri kumwongezea nguvu Amr bin Al-Aas, na ndiye aliyepanda kwa ngazi ukuta wa ngome ya Babilonia hadi ikafunguliwa, mwaka wa 20 Hijria, sawa na 641. Omar alipojeruhiwa, Zubeir alikuwa mmoja wa watu sita waliokabidhiwa shauri la kumchagua khalifa.

Nyumba iliyoanza na farasi mmoja

Mtu anayesikia habari za mamilioni ya dirhamu aweza kudhani kwamba Zubeir alizaliwa katika utajiri. Sivyo. Alimwoa Asmaa bint Abubakar (R.A.), naye mwenyewe amesimulia hali ya nyumba yao walipokuwa wapya. Zubeir hakuwa na mali wala mtumwa. Alikuwa na farasi wake na ngamia mmoja wa kutekea maji. Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi ilipopasuka na akakanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, akawa anasaidiwa na majirani zake, wanawake wa Kiansari, ambao aliwataja kwa wema.

Mtume (S.A.W.) alimpa Zubeir kipande cha ardhi, na Asmaa akawa anakwenda huko kuokota kokwa za tende za chakula cha mnyama, akizibeba kichwani mwendo wa theluthi mbili za farsakh, yaani zaidi ya kilomita tatu. Siku moja Mtume alimkuta njiani na mzigo wake, akataka kumpandisha nyuma ya ngamia wake. Asmaa akaona haya, akakumbuka na wivu wa mumewe, akaendelea kwa miguu. Zubeir alipoelezwa alisononeka kwamba mkewe alikuwa akibeba kokwa zile. Hali hiyo iliendelea mpaka Abubakar (R.A.) alipompelekea binti yake mtumishi wa kumshughulikia farasi.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Nyumba hii ilijua kuishi kwa kidogo kabla ya kujua kuishi kwa kingi. Na Zubeir huyu huyu ndiye aliyetupokelea hadithi inayofundisha kwamba ni bora mtu achukue kamba yake, aende kutafuta kuni, azibebe mgongoni na kuziuza, kuliko kuwaomba watu, wakitaka wampe na wakitaka wamnyime. Aliyeyapokea mafundisho hayo alikuwa ameyaishi nyumbani kwake.

Jinsi deni lilivyozaliwa

Miaka ikapita na Mwenyezi Mungu akamfungulia Zubeir milango ya riziki. Mwanawe Abdallah alieleza kwamba baba yake hakuwahi kushika ugavana, wala kukusanya kodi, wala kazi yoyote ya serikali. Alichokuwa nacho katika utumishi ni kwenda vitani pamoja na Mtume, kisha pamoja na Abubakar, Omar na Othman. Alimiliki ardhi, na iliyo mashuhuri zaidi ni ile iliyoitwa Al-Ghaba, nje ya Madina. Alikuwa na nyumba kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri.

Basi deni lilitoka wapi? Watu walimwamini. Mtu alipotaka kusafiri, au alipohofia mali yake, alimjia Zubeir amwekee amana. Zubeir alikataa kuipokea kama amana, akataka iwe mkopo juu yake, kwa kuwa alichelea isije ikapotea.

Tusimame hapa kidogo, maana ndani yake mna fikihi. Amana ikipotea bila ya uzembe wa aliyeiweka, mwenye kuiweka halazimiki kuilipa. Hasara ni ya mwenye mali. Mkopo hauko hivyo. Mkopo umo katika dhima ya aliyekopa; iungue nyumba, izame jahazi, yeye atalipa. Zubeir alijichagulia lililo zito kwake ili mali za watu zisalimike. Kwa kuwa ilikuwa mikopo, alikuwa na haki ya kuitumia, naye alimiliki ardhi na nyumba zinazoweza kuuzwa. Na haikuwa na riba hata dirhamu moja. Kilichoingia ndicho kilichotakiwa kutoka.

Wasia wa siku ya Jamal

Mwaka wa 36 Hijria, sawa na 656, ikatokea ile fitina iliyofikia vita vya Jamal karibu na Basra. Wanazuoni wetu wametufundisha kuzuia ndimi zetu kuhusu yaliyopita baina ya masahaba, nasi tutasimama hapo hapo. Linalotuhusu ni kwamba siku hiyo Zubeir alimwita mwanawe mkubwa Abdallah, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa Madina, akasimama naye kando. Alimweleza kuwa alihisi atauawa siku ile kwa dhuluma, na kwamba katika mambo yote aliyoyaacha, linalomtia hamu kubwa kuliko yote ni deni lake. Akamuuliza kama alidhani deni hilo lingebakisha chochote katika mali yao.

Fikiri, ndugu msomaji. Huyu ni mtu aliyebashiriwa Pepo na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Mbele yake kuna panga, nyuma yake kuna wake wanne, watoto wa kiume tisa na wa kike tisa. Lakini kilichomkosesha raha ni haki za watu. Alijua mafundisho ya Mtume kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Masahaba walijua pia kwamba Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, naye akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulilipa. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowapa Waislamu wasaa, Mtume mwenyewe akawa anabeba madeni ya waumini waliokufa bila ya uwezo. Lakini fundisho lile la kwanza lilikwisha kuingia katika nyoyo.

Zubeir akamwagiza mwanawe auze mali yao na alipe. Akausia theluthi ya mali, na ndani ya theluthi hiyo akawatengea wajukuu zake, watoto wa Abdallah, theluthi yake, kitakachosalia baada ya deni. Kisha akamwambia kwamba akishindwa na chochote katika deni hilo, amtake msaada Mola wake Zubeir. Abdallah hakuelewa, kwa kuwa neno alilolitumia baba yake laweza pia kuwa na maana ya bwana au mlinzi miongoni mwa watu, akauliza ni nani huyo. Zubeir akajibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Abdallah alisimulia baadaye kwamba kila alipokwama katika deni lile, alimwomba Mola wa Zubeir amlipie Zubeir deni lake, na njia ikafunguka.

Zubeir aliondoka katika uwanja wa vita siku ile, akauawa kwa hila na Amr bin Jurmuz katika Bonde la Siba'. Hakuacha dinari wala dirhamu mkononi. Aliacha ardhi, majumba, na deni.

Hesabu ya kweli

Jambo la kwanza alilolifanya Abdallah lilikuwa kuhesabu. Alikusanya madai yote akayajumlisha, akakuta dirhamu 2,200,000. Hakim bin Hizam (R.A.), binamu yake marehemu, alikutana naye akamuuliza ndugu yake ameacha deni kiasi gani. Abdallah, kwa kuficha siri ya nyumba, akataja 100,000 tu. Hakim akasema kwamba hata hizo haoni kama mali yao itaziweza. Abdallah akamuuliza, je, kama zingekuwa 2,200,000? Hakim akajibu kuwa haoni wakiliweza deni kama hilo, na kwamba wakishindwa na chochote wamtake msaada.

Hapa pana adabu mbili. Deni la mtu lina sitara; halitangazwi barazani kwa kila apitaye. Lakini pamoja na sitara hiyo, mwenye jukumu la kulilipa hana budi kulijua lote, mpaka dirhamu ya mwisho, na kumfunulia yule anayeweza kusaidia. Wengi wetu tumeshika sitara tukaacha hesabu. Mume hajui mke anadaiwa wapi, mke hajui mume ameweka nini rehani, na wote wawili hawajui jumla.

Kuuzwa kwa Al-Ghaba

Zubeir alikuwa ameinunua Al-Ghaba kwa dirhamu 170,000. Abdallah aliithaminisha kwa dirhamu 1,600,000, yaani zaidi ya mara tisa ya bei ya kununulia. Ardhi kama hiyo, inayopanda thamani, ndiyo ambayo mrithi yeyote angetamani kuishikilia. Abdallah aliamua kuiuza. Akatangaza kwamba mwenye dai lolote juu ya Zubeir akutane nao huko huko Al-Ghaba.

Akaja Abdallah bin Jaafar, mtoto wa Jaafar bin Abi Talib, mtu aliyesifika kwa ukarimu. Alikuwa akimdai Zubeir dirhamu 400,000. Akasema kuwa wakitaka atawasamehe. Abdallah akakataa. Akasema basi wakitaka wamweke mwisho katika wale watakaocheleweshwa. Abdallah akakataa tena. Ndipo akaomba akatiwe kipande cha ardhi, na Abdallah akamwonyesha mipaka, kutoka hapa hadi pale.

Wangapi wetu tungekataa msamaha wa dirhamu 400,000? Kusamehewa deni si haramu, na anayesamehe ana malipo makubwa kwa Mola wake. Lakini msamaha una wenyewe, nao ni wale wasio na kitu. Mali ya Zubeir ilikuwepo, na Zubeir alikuwa ameusia kulipa. Na kuchelewesha hakupunguzi deni. Kunalisogeza tu kutoka mwaka huu kwenda mwaka ujao.

Ardhi ikauzwa kwa mafungu, kila fungu dirhamu 100,000. Zikabaki sehemu nne na nusu. Abdallah akaenda kwa Muawiya, ambako walikuwepo Amr bin Othman, Mundhir bin Zubeir na Ibn Zam'a. Watatu hao wakachukua fungu moja moja, na Muawiya akanunua fungu moja na nusu lililobaki kwa dirhamu 150,000. Abdallah bin Jaafar naye baadaye akamuuzia Muawiya sehemu yake kwa dirhamu 600,000, akapata faida ya 200,000 juu ya deni alilokuwa tayari kulisamehe.

Miaka minne ya subira

Deni likalipwa. Ndugu zake Abdallah wakamwendea wakimtaka awagawie mirathi yao. Kwa wengi wetu kazi ingekuwa imekwisha. Abdallah alikataa. Aliapa kwamba hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne, kwamba kila aliyekuwa na dai juu ya Zubeir aje alipwe. Hija ndiyo iliyokuwa ikikusanya watu wa kila nchi. Asiyefika mwaka huu atafika mwaka mwingine, au atafikiwa na habari. Miaka minne ilipokwisha, akatoa theluthi ya wasia na kuwagawia warithi. Kila mmoja wa wake wanne alipata dirhamu 1,200,000.

Watoto wale na wake wale walikaa miaka minne wakijua kuna mali, wala wasiiguse, kwa kumchelea mdai mmoja ambaye huenda hakuwepo. Sheria ndivyo ilivyopanga. Maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi yake, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi theluthi, na mirathi ndiyo ya mwisho. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu ametaja kwa kurudiarudia kwamba mafungu ya warithi huja baada ya wasia na deni. Wanaokaa katika mabaraza ya mirathi wanajua jinsi mpango huu unavyopinduliwa: tanga halijaanuliwa, vitu vimekwisha gawanywa, na mwenye duka anakuja na daftari lake hana wa kumsikiliza.

Deni lake na deni letu

Asije mtu akasema kwamba kama hawari wa Mtume alikopa mamilioni, basi na sisi tukope. Tofauti ni kubwa. Deni la Zubeir lilikuwa na ardhi nyuma yake. Deni letu mara nyingi lina nyuma yake pilau iliyokwisha kuliwa na sare za harusi zilizokwisha kuchuja. Yeye alibeba dhima ili kulinda mali za watu. Sisi twabeba ili watu watuone. Yeye hakulipa wala kulipwa riba. Na sisi tunaingia katika ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, ambayo riba yake inaliwa na mwezi wa pili kabla mtaji haujaguswa.

Kwa hiyo mwenye kutaka kutoka katika deni na aifuate njia ya nyumba hii. Kwanza, aketi na watu wa nyumbani mwake, aandike kila anachodaiwa, na nani, na kwa lini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, imehusu kuandika deni. Si jambo dogo. Pili, aache kufungua deni jipya, hasa la riba, kwa kufunikia la zamani, maana huko ni kuchimba shimo la pili ili kufukia la kwanza. Tatu, atazame alicho nacho. Pikipiki isiyofanya kazi, kiwanja kilicholala, dhahabu iliyo kabatini, runinga kubwa kuliko sebule: kuuza kitu ukalala bila ya deni ni heshima, ingawa majirani watanong'ona. Nne, awaendee wadai wake kabla hawajamjia, awaambie ukweli wa hali yake na kiasi atakachoweza kukitoa kila mwezi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni katika sala yake, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mdaiwa akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Ukweli wa mapema huikinga dini yetu na hayo.

Tano, na hili ndilo gumu, nyumba yote ikubali kuishi kwa kidogo kwa muda unaojulikana. Akina mama, mkumbukeni Asmaa na kokwa zake za tende. Akina baba, mkumbukeni Zubeir aliyesononeka kwa tabu ya mkewe, wala msiwaachie wake zenu mzigo wa deni wasilolijua. Shughuli ipunguzwe, kitchen party iachwe, chakula kipikwe cha nyumbani, na mtoto aelezwe kwa upole kwa nini Idi hii atavaa nguo moja. Nyumba ya Zubeir ilingoja miaka minne. Yetu haiwezi kungoja miezi kumi na miwili?

Na aliyejitahidi kwa haya yote akakwama, asikate tamaa, na mdai wake amwongezee muda kama Mwenyezi Mungu alivyoamrisha juu ya mwenye dhiki, au amsamehe, ambavyo ni bora zaidi. Mlango alioubisha Abdallah mwana wa Zubeir haujafungwa. Lakini tukumbuke kwamba aliomba dua ile huku akihesabu, huku akiuza, na huku akitangaza katika misimu minne ya Hija.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amridhie Zubeir bin Al-Awwam na masahaba wote, atutosheleze kwa halali Yake tusihitajie haramu Yake, awalipie wenye madeni madeni yao, na asituchukue ila hali ya kuwa dhima zetu zimesafika na haki za watu. Amin. Wallahu a'lam.